Gadenia ya Marehemu

Mpaka anatimiza miaka arobaini na minne, Mama Vifungo alikuwa amewashonea wenzake magauni ya harusi zaidi ya mia, na yeye mwenyewe hajavaa hata moja. Jina hilo alipewa na wateja. Hakuwa na mtoto. Alikuwa na aproni yenye mfuko mkubwa uliojaa vifungo, na akitembea dukani vifungo vililia kama njuga. Alikuwa mtu wa kusema neno moja pale wengine wanaposema kumi. Wivu alikuwa nao tangu utotoni, ila aliuzoea. Bibi harusi akijigeuzageuza mbele ya kioo, Mama Vifungo alimeza mate, akapiga magoti, akaendelea kupima pindo.

Fundi Saa alikuwa na duka la upana wa mlango mmoja, mtaa huohuo, hatua chache kutoka kwake. Alikuwa mgane wa miaka mitatu. Jicho lake la kulia lilikufa angali kijana, siku springi ya saa ya ukutani ilipochomoka na kumpiga, na tangu hapo alifanya kazi yote kwa jicho la kushoto. Mama Vifungo alimpelekea saa yake ya mezani iliyokuwa ikichelewa. Fundi akaifungua, akaichungulia, akasema, "Hii haina ugonjwa, dada. Imekula nyuzi."

Akachomoa kwa kibano uzi mweupe, kisha wa bluu, kisha wa waridi, kisha mweupe tena, akazipanga mmoja baada ya mwingine juu ya kaunta kama mtu anayetoa miiba ya samaki. Wakacheka mpaka mteja aliyekuwa akisubiri nyuma akaondoka. Baada ya hapo saa ile ikawa mgonjwa kila wiki. Haukupita mwaka, wakaoana, bila shamrashamra. Mama Vifungo alijishonea gauni la kawaida la rangi ya bluu, akahamia kwa mumewe, cherehani zake mbili akiziacha dukani.

Na huko ndiko alikomkuta mwenzake.

Nyuma ya nyumba, upande unaopigwa na jua asubuhi hadi alasiri, Fundi Saa alikuwa amejenga chumba cha vioo kwa fremu za madirisha ya shule iliyovunjwa. Hakuna fremu mbili zilizolingana, lakini upepo haukupenya. Ndani yake mlikuwa na kiti kimoja na kichaka kimoja, gadenia iliyopandwa katika pipa lililokatwa nusu. Ilikuwa imempita mtu kimo. Majani yake yalikuwa ya kijani kizito, yanang'aa mwaka mzima kama yaliyopakwa mafuta, na maua yake yalikuwa meupe, manene, yamekunjana petali juu ya petali. Mama Vifungo, ambaye maisha yake yote ameshika vitambaa vyeupe, alipoligusa ua la kwanza alikiri moyoni kwamba hajawahi kushona kitu kizuri hivyo. Siku ya tatu ua liligeuka rangi ya siagi, na harufu yake ikatanda nyumba nzima, mpaka kwenye mito ya kitanda.

"Aliipanda marehemu," Fundi Saa alimweleza. "Mwaka tuliooana. Ilikuwa kijiti ndani ya chupa ya jamu."

"Nzuri," akasema Mama Vifungo.

Kila asubuhi, kabla ya chai, Fundi Saa alisema, "Ngoja nikamsalimie Bibie," akaenda kule kwenye vioo. Aliyafuta majani kwa kitambaa kibichi, jani moja baada ya jingine, kwa vidole vilevile vinavyoshika gurudumu la saa lisiloonekana na mtu mwingine. Akiona vidudu vyeupe vilivyojificha kwenye maungio, alivitoa kwa pamba iliyochovywa maji ya sabuni. Maji ya bomba ya mtaa ule yalikuwa na chokaa nyingi, birika zote zilikuwa na utando mweupe ndani, kwa hiyo gadenia haikunyweshwa hayo. Ilinyweshwa maji ya mvua, yaliyokingwa na pipa la bati chini ya mfereji wa paa, na hakuna ruhusa ya kuyafulia hata leso. Na kila msimu ua la kwanza lilikatwa, likawekwa kwenye glasi mbele ya picha ya marehemu, sebuleni.

Mtu aliye hai unaweza kugombana naye. Unaweza kumwambia wifi yako habari zake, unaweza kungoja azeeke. Mama Vifungo hakuwa na la kufanya. Alijiambia kwamba ni mti, mti tu, akajikaza kisabuni. Lakini asubuhi, akiwa na birika mkononi, alimtazama mumewe kupitia mlango wa jikoni jinsi anavyoinamia jani, na roho ikamwuma kana kwamba amewafumania.

Alijaribu kuwa mmoja wao. Siku moja walialikwa harusini. Akaingia chumba cha vioo, akakata ua moja, akalichomeka nyweleni. Akatoka, akasimama mbele ya mumewe, akangoja.

Fundi Saa alimtazama kwa jicho lake moja, akasema taratibu, "Ungeniuliza."

Ni hilo tu. Hakufoka, hakununa, na harusini alicheza vizuri. Lakini neno lile lilimkwama Mama Vifungo kooni kama mfupa. Ungeniuliza. Hata baada ya miezi, akipiga pasi, alijikuta anabana meno.

Tena alikuwepo wifi yake, dada wa Fundi Saa, mwalimu mstaafu mwenye mwavuli na kidomodomo. Alikuja kila Jumamosi, na kabla hajaketi lazima aende kukagua gadenia.

"Wifi, hili dirisha la juu marehemu alikuwa halifungui mpaka jua lipande. Baridi ya asubuhi inaangusha matumba."

"Sawa wifi."

"Na hiki kiti alikiweka kule."

"Sawa wifi."

Mwaka wa pili wa ndoa, mwanzoni mwa msimu wa mvua, Fundi Saa aliinua kichwa kutoka kwenye saa ya mteja akaona vitu vyeusi vinaelea, kama masizi. Kesho yake pazia jeusi likapanda kutoka pembeni mwa jicho. Hospitalini waliambiwa kwamba utando wa ndani wa jicho, ule unaopokea mwanga, umebanduka. Wakampasua siku hiyohiyo. Daktari, mwanamke mfupi mwenye haraka, alisema wamelijaza jicho hewa maalumu ili iusukume utando urudi mahali pake, na mgonjwa alale kifudifudi majuma mawili. Baada ya hapo ataona ukungu tu, kama mtu aliye chini ya maji, kwa muda wa miezi miwili.

"Asiiname, asinyanyue kitu, asijikwae," daktari alimwambia Mama Vifungo. "Hili ndilo jicho pekee alilonalo. Umenielewa, mama?"

Alimwelewa. Akahamishia cherehani moja nyumbani, akafunga duka nusu siku. Akamlisha mumewe, akamwogesha, akamtia dawa ya matone mara nne kwa siku bila kukosa hata mara moja. Fundi Saa alilala kifudifudi na uso ukiwa katikati ya mito miwili, sauti yake ikitokea chini kama ya mtu aliye kisimani.

Siku ya tatu sauti hiyo ikauliza, "Bibie amekunywa?"

Mama Vifungo alikuwa na kijiko cha uji mkononi. Mtu huyu hajauliza kama mkewe amekula. Hajauliza amelala wapi, wala mgongo wake unaumaje kwa kumwinua.

"Nitampa sasa," akasema.

Siku hiyo mteja alikuwa mlangoni, mama wa bibi harusi, mkali. Mama Vifungo akajaza ndoo kwenye bomba la jikoni kwa sababu lilikuwa karibu, akaimwaga kwenye pipa la gadenia, akakimbia. Usiku hakulifikiria tena. Asubuhi akaenda kuangalia, na mti ulikuwa vilevile, unang'aa, unajidai. Akasimama mbele yake kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia. Kisha akarudi jikoni, akajaza ndoo ya pili bombani. Ile ya kwanza unaweza kuiita bahati mbaya. Ya pili haikuwa bahati mbaya, na alijua.

Akaendelea hivyo kila baada ya siku mbili. Hakuwa na mpango. Ukimuuliza angekuambia anamwagilia, na kweli alikuwa anamwagilia. Mvua zilinyesha, pipa la bati likajaa, yeye akapita kando yake na ndoo ya bomba. Juma la nne majani machanga yalianza kupauka, yakawa ya manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, kama ramani ya mito. Matumba yaliyokuwa tayari kufunguka yakaanza kudondoka, moja, matatu, kumi. Aliyafagia, akayafunga kwenye mabaki ya vitambaa, akayatupa na takataka za ushonaji.

"Yamefunguka?" mumewe aliuliza. Sasa aliruhusiwa kukaa kitini, miwani myeusi usoni.

"Bado kidogo."

"Sisikii harufu."

"Nimefunga mlango. Daktari amesema usije ukapigwa na upepo."

Uongo ulimtoka laini, mpaka ukamtisha. Na jambo la ajabu ni kwamba wivu haukupungua. Alitegemea kwamba kadiri mti unavyonyauka, moyo wake utapata nafasi ya kuvuta pumzi. Badala yake mumewe aliuulizia zaidi, kama mgonjwa aliye chumba cha pili, na kila alipouulizia yeye aliona kijicho kinapanda upya. Sasa marehemu alikuwa na mti unaokufa, na kitu kinachokufa kinapendwa kuliko kizima.

Jumamosi ya tano wifi alirudi. Alikuwa safarini kwa mwanawe, na kama kawaida hakuketi. Akaelekea nyuma. Mama Vifungo akamfuata, miguu mizito. Wifi akasimama mlangoni mwa chumba cha vioo, akaona matawi yaliyopukutika, majani ya manjano, udongo uliojaa unga mweupe wa chokaa. Akaugusa unga ule kwa kidole. Kisha akamgeukia Mama Vifungo, akamtazama.

Kutoka sebuleni Fundi Saa aliita, "Dada! Inaendeleaje?"

Mama Vifungo alifumba macho. Akajua kwamba leo yamemfika.

"Ipo," wifi akajibu kwa sauti ya darasani. "Imechoka kidogo na mvua, lakini ipo."

Walipoingia jikoni, wifi alivuta kiti, akaweka mwavuli mezani.

"Maji ya bomba?"

Mama Vifungo aliitikia kwa kichwa.

"Unajua nani aliyemlea kaka yangu?" wifi aliuliza. "Ni mimi. Nimembeba mgongoni, nikamsomesha kwa mshahara wangu wa kwanza. Kila Jumamosi alikuwa anakuja kwangu, tunakunywa chai, ananieleza mambo yake yote. Siku alipooa, Jumamosi zikaisha. Akija, anaangalia saa. Miaka ishirini na miwili nilimwonea wivu yule mwanamke, wifi, naye mzima, ananipikia, ananikaribisha vizuri. Amekufa ndipo nikaanza kumsifu. Unafikiri kwa nini nakuja kuihesabu gadenia kila wiki? Naona aibu."

Mama Vifungo alichukua birika. Alimmiminia chai mpaka ikafurika kikombe, ikamwagika kwenye sahani.

"Sasa usikae hapo kama mfungwa," wifi akasema. "Nenda bustani ya miche, kule nyuma ya soko. Kuna bwana mmoja anajua hii miti."

Bwana Miche alikuwa mrefu, mwembamba, na mkasi mfukoni na kalamu sikioni. Alilishika jani la manjano alilopelekewa, akalinyanyua kwenye jua, akacheka.

"Ametiliwa chokaa huyu. Gadenia anataka udongo mchachu, mama, na maji yasiyo na chokaa. Wewe umempa saruji."

"Atapona?"

"Inategemea umemchukia kwa muda gani."

Alisema kwa mzaha tu, lakini Mama Vifungo aliona uso unamchoma. Bwana Miche akamwelekeza: akwangue udongo wa juu wote, atie wa majani yaliyooza, amwage maji ya mvua kwa wingi mpaka yatoke chini ya pipa, siku tatu mfululizo, ili chokaa isombwe. Akampa dawa ya unga yenye madini ya chuma, kijiko kimoja kwa ndoo. Asikate matawi yaliyo hai mpaka aone macho mapya yanachipua. Na asiusogeze mti, kwa sababu gadenia akihamishwa tu huangusha matumba.

Alifanya yote. Alikwangua udongo kwa kijiko cha supu, amepiga magoti kama anavyopigia magoti mabibi harusi. Kila akikwangua alijiambia kwamba anamfanyia mumewe, si huyu mwingine. Mchana mmoja alijikuta anaufuta mti jani kwa jani, na anausemesha kwa hasira: "Kunywa basi. Nini unachotaka tena?" Akashtuka, akaangalia nyuma kama kuna mtu amesikia.

Juma la tisa daktari alilimulika jicho akasema limeshika. Fundi Saa aliuona uso wa mkewe ndani ya teksi, akamshika kidevu, akasema amekonda. Walipofika nyumbani hakuvua hata koti. Akaelekea nyuma. Mama Vifungo akamtangulia, akasimama mlangoni mwa vioo.

"Kabla hujaingia, nina neno."

"Najua," akasema Fundi Saa.

"Wifi amekuambia?"

"Dada hajaniambia kitu. Nilikuwa nalisikia pipa." Aliinua mkono kuelekea mfereji wa paa. "Nimelala kifudifudi majuma mawili sina kazi ila kusikiliza. Kila mvua ikinyesha, pipa linafurika. Pipa linalotekwa maji halifuriki. Na bomba la jikoni linalia."

Mama Vifungo alishika fremu ya mlango. "Ulijua tangu siku hizo, na ukanyamaza?"

"Ningefanya nini? Wewe ndiye uliyekuwa unanitia dawa ya jicho. Nilihofu nikikugombeza nitabaki na giza. Kwa hiyo nikauacha mti." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Usidhani sikuwa na hasira. Ninayo mpaka sasa. Kwa nini?"

Akazungumza Mama Vifungo, yeye wa neno moja, na maneno yakatoka kama vifungo kwenye mfuko uliopasuka. "Kwa sababu huamki na mimi, unaamka na yeye. Kwa sababu siku nilipovaa ua kichwani ulisema ningekuuliza. Miaka miwili niko humu ndani kama mgeni, kila kitu niulize, kiti hiki nikiweke wapi, dirisha nifungue saa ngapi. Nilikuwa nangoja siku moja uniambie nimependeza."

Fundi Saa alikunja uso. "Siku gani hiyo?"

"Ya harusi tuliyoalikwa."

"Sikumbuki," akasema, na ilionekana wazi kwamba ni kweli. "Nilisema hivyo?"

Hilo lilimuuma kuliko lolote. Neno alilolibeba miezi yote ile, aliyelisema alilidondosha akapita.

Fundi Saa aliingia, akauona mti. Nusu ya matawi ilikuwa tupu. Kwenye vikonyo vichache vya upande wa jua palikuwa na macho madogo ya kijani, yasiyofika ukubwa wa punje ya mtama. Alikaa kwenye kile kiti mpaka chai aliyotengewa ikapoa. Na kwa siku tisa zilizofuata alizungumza na mkewe yale ya lazima tu: chumvi iko wapi, nani amekuja, funga mlango. Siku ya kumi alirudi dukani kwake. Jioni alileta saa ya mezani ya mkewe, akaifungua mbele yake, akaanza kuchomoa nyuzi. Hakusema amesamehe, wala Mama Vifungo hakuuliza. Alikaa karibu naye, akishika taa.

Gadenia haikufa, ila haikurudi kuwa ile ya zamani. Ilipona upande mmoja, ikawa kama mtu aliyeinamia dirisha. Mwaka uliofuata ilitoa maua matano. Mama Vifungo bado hakuipenda kabisa, na ukimbana angekiri kwamba akiiona inachanua kuna kitu kinamchoma hapa chini ya titi. Lakini alikuwa ameupata ugonjwa mwingine. Alikata vikonyo vinne, akavichomeka kwenye mchanga mbichi, akavifunika kwa chupa. Viwili vikaoza. Kimoja akampa wifi, cha mwisho akakipanda nje, kwenye kona ya ukuta inayopata jua na isiyofikiwa na upepo, karibu na dirisha analoshonea. Hicho hakikuwa cha mtu mwingine. Alikinywesha mwenyewe, na mumewe akikikaribia na kitambaa chake kibichi, alimwambia, "Ungeniuliza," mpaka Fundi Saa akalikariri neno hilo.

Kila Jumamosi, baada ya chai na wifi, alikwenda bustani ya miche. Alirudi na vifuko vya udongo, na kucha nyeusi, na habari. Bwana Miche amesema hivi. Bwana Miche amenionyesha namna ya kubana ncha ya tawi ili lichipue pembeni. Bwana Miche amenichekesha leo, nikakaribia kuanguka. Fundi Saa alisikiliza, kibano mkononi, na mara mbili tatu akadondosha skrubu.

"Huyo bwana ana mke?" akauliza siku moja, bila kuinua kichwa.

"Sijamuuliza."

"Na udongo wote huo ni wa kijiti kimoja?"

Jumamosi iliyofuata alifunga duka mapema, akavaa koti lake zuri, akachana nywele, akasema anataka kujinyoosha miguu kidogo. Akamsindikiza mkewe mpaka nyuma ya soko. Bwana Miche alimpa mkono, akamuuliza kama naye anapenda maua.

"Mimi napenda kujua," akasema Fundi Saa, "mke wangu huwa anacheka nini huku."

Bwana Miche aliangua kicheko. Fundi Saa hakucheka. Alisimama katikati ya miche, mdogo, nadhifu, jicho lake moja likimfuata Bwana Miche kila anapogeuka, na njia nzima ya kurudi alimshika mkewe mkono kwa nguvu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya barabarani. Mama Vifungo aliona raha isiyostahili. Alijua haistahili. Wala hakujaribu kuificha.